Meseji zako zimefungwa kweli? Mwongozo kamili kutoka meza ya fundi simu, Mwanjelwa, Mbeya

Mama mmoja anayefanya biashara ya mchele alikuja mezani kwangu Mwanjelwa amekunja uso. Hakutaka kioo wala chaja. Alinionyesha maandishi madogo yaliyo juu ya chati yake na mteja wa Tunduma, yale yanayosema ujumbe umefumbwa mwisho hadi mwisho na hakuna mtu wa nje anayeweza kuusoma.

"Mwanangu, hapa wameandika hakuna anayesoma. Sasa huyu mwenzangu wa sokoni anazijuaje bei zangu kabla sijapakia mzigo?"

Nilimwomba aifungue simu mwenyewe. Nikagusa nukta tatu za juu, nikaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Palikuwa na kompyuta moja ya Windows, na mara ya mwisho ilitumika asubuhi ile ile. Mama hana kompyuta. Tukaanza kukumbushana polepole mpaka akapata: miezi kadhaa nyuma alikwenda stesheneri kuprinti mkataba wa ghala, kijana wa pale akamwambia, "Mama, skani hapa tulitoe faili." Akaskani, karatasi zikatoka, akalipa, akaondoka. WhatsApp yake ikabaki wazi kwenye ile kompyuta, na kila aliyekaa kwenye kile kiti aliweza kusoma anachoandikiana na wateja.

Hakuna aliyevunja kufuli. Ujumbe wake ulisafiri umefungwa barabara njia nzima, ukaenda kufunguliwa kwenye mashine ambayo mwenyewe, bila kujua, alikuwa ameipa ufunguo.

Swali la mama yule naulizwa na watu wa kila aina: walimu, wahasibu wa vikundi vya kukopeshana, vijana wa parachichi kutoka Rungwe na Njombe. Je, tuamini ule ufumbaji? Jibu langu ni kwamba kufuli la njiani kwenye programu nzuri ni la kuaminika, tena sana. Hasara nazoziona mezani zinatokea kwenye ncha mbili: simu yako na simu ya mwenzako. Hatua zilizo hapa chini zimekaa kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe hufuata mtu akinikabidhi simu na kusema, "Fundi, nilinde."

Hatua ya 1: Elewa kilichofungwa na kilichobaki wazi

Ukituma gunia la mchele wa Usangu kwenda Dar kwa basi, unalishona mdomo kwa shazia. Utingo analipokea, analiingiza kwenye buti. Gari linapita Igawa, Makambako, Mafinga, Ipogolo, linashuka Kitonga, linavuka Mikumi mpaka Mbezi. Njia nzima utingo hajui ndani kuna nini. Ila anajua mengine mengi: nani ametuma, nani anapokea, uzito, saa ya kuondoka, na kwamba wewe humtumia mtu yule yule kila Ijumaa.

Meseji iliyofumbwa mwisho hadi mwisho, au kwa jina la wataalamu usimbaji fiche, inasafiri hivyo hivyo. Simu yako inatengeneza yenyewe jozi ya funguo. Mmoja ni wa hadharani. Unakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, ili anayetaka kukuandikia autumie kufunga. Wa pili ni wa siri na hautoki ndani ya simu yako. Wazo la watu wawili kupatana siri juu ya njia ambayo kila mtu anaisikiliza lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Itifaki, yaani utaratibu wa kufunga na kufungua meseji, inayotumiwa leo na WhatsApp ni ile ya Signal, programu nyingine ya meseji, nayo imeongeza ukali: kila ujumbe unapata ufunguo wake mpya, kwa hiyo mtu akinasa mmoja, hawezi kurudi nyuma na kuzifungua zilizotangulia.

WhatsApp iliiwasha itifaki hiyo kwa watumiaji wote Aprili 2016, miaka miwili baada ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, kutangaza kuinunua. Itifaki yenyewe iko wazi na watafiti wameichambua kwa miaka mingi. Programu ya WhatsApp haiko wazi kwa namna hiyo. Ya Signal iko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Hilo ni sababu mojawapo ya mimi kuiweka Signal juu zaidi.

Sasa yaliyo nje ya gunia. WhatsApp inajua namba yako, unawasiliana na namba zipi, saa ngapi, mara ngapi, na mtandao ulioingilia. Ukiandikiana na biashara kubwa, ujumbe wako unasomwa na wafanyakazi wao au kampuni waliyoiajiri kujibu wateja. Ukimuuliza swali yule msaidizi wa akili bandia wa Meta aliyewekwa ndani ya WhatsApp, unakuwa umeiandikia kampuni yenyewe. Na mtu akikuripoti, ujumbe wa mwisho hadi mitano uliomtumia unapelekwa WhatsApp, kwa sababu yeye ni mpokeaji halali na ameamua kuutoa.

Hatua ya 2: Jiulize unamficha nani

Watu wengi wanairuka hatua hii, kisha wanahangaika na kitu kisichowahusu. Unamficha mshindani wako wa sokoni? Tapeli? Mtu mnayelala nyumba moja? Kampuni yenye programu? Au mamlaka?

Mshindani na tapeli hawawezi kukata kufuli la njiani. Watakuvizia kwenye simu. Mtu wa nyumbani hahitaji hata intaneti, anahitaji dakika mbili ukiwa unaoga. Kampuni haioni maneno, inaona nyendo zako. Mamlaka nazo zina njia ya kisheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaruhusu polisi kuchukua kifaa kwa ajili ya upelelezi, na simu iliyofunguliwa mbele ya mpelelezi inaonyesha kila kitu kama inavyokuonyesha wewe.

Jambo moja la kwetu linasaidia kuelewa. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa, akafikishwa mahakamani kwa kutotoa taarifa za watumiaji wa mtandao ule. Penye taarifa, kuna siku zitaombwa. Mwaka huo huo Signal ilipata amri ya mahakama nchini Marekani, na ilichoweza kutoa kilikuwa siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Haikuwa na kingine cha kutoa, kwa sababu haikuwa imekikusanya. Ukitaka kuipima programu yoyote, uliza swali hilo: wakiombwa kesho, wana nini cha kutoa?

Hatua ya 3: Jua kila jukwaa linafunga nini

Signal inafunga kila kitu bila wewe kugusa chochote: meseji, simu, picha, makundi. Tangu 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji ili usimpe mtu namba yako. Tatizo lake kwetu ni kwamba ndugu zako wengi hawamo.

WhatsApp inafunga meseji, simu na makundi bila kuombwa. Kwa maneno unayoandikiana na watu, iamini.

Messenger ilianza kufunga mazungumzo ya watu binafsi kwa wote Desemba 2023. Chati zako za miaka ya nyuma zilisafiri bila kufuli hilo, ukumbuke.

Telegram ndiyo inayowapoteza watu wengi kuliko zote. Vijana wananiambia, "Fundi, mimi natumia Telegram, ile ni salama." Chati ya kawaida ya Telegram haijafumbwa mwisho hadi mwisho. Inafungwa kati ya simu yako na seva zao, na kule kwenye seva ufunguo wanao wao. Kuna chati ya siri, lakini lazima uianzishe wewe mwenyewe kwa kila mtu, na ni ya watu wawili tu. Kundi la Telegram halina kufuli hilo kabisa, liwe la watu watano au elfu tano. Mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikabadilisha masharti yake: kwa ombi halali la kisheria, itatoa namba ya simu na anwani ya intaneti ya mtumiaji. Itumie kwa kusoma habari na kupakua mafaili. Siri zako usiziweke humo.

Instagram, TikTok na X: chukulia kwamba ujumbe wa faraghani unaweza kusomwa na kampuni. Mkishafahamiana huko na mteja, hamieni pengine kabla hamjaanza kutajiana namba za akaunti.

Meseji ya kawaida ya laini, SMS, haina kufuli la mwisho hadi mwisho. Inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu ikiwa inasomeka. Simu ya kawaida ya sauti vilevile.

Hatua ya 4: Futa GB WhatsApp leo

Hapa sina lugha laini. Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu zina GB au ndugu zake, zile WhatsApp zenye rangi za kuchagua, zinazokuwezesha kuona stetasi iliyofutwa na kuficha tiki za bluu. Mtu alirushiwa faili na rafiki, akaliingiza, basi.

Fikiria hilo gunia tena. Umelishona vizuri, lakini aliyelishona ni mtu usiyemjua, kwa shazia lake, ndani ya chumba chake, na anaona kila punje unayoweka. Ufumbaji unafanyika ndani ya programu, na programu ikiwa ya mtu asiyejulikana, yeye anaweza kusoma kabla ya kufunga na baada ya kufungua. Hutajua. Hakuna alama itakayotokea.

Hakikisha kwanza una laini ya namba ile mkononi. Futa GB, kisha pakua WhatsApp halisi kutoka Play Store au App Store, uisajili upya. Chati za GB huwa hazihami vizuri, na najua inauma kupoteza picha za harusi ya mdogo wako. Zihamishie kwanza kwenye galari ya simu. Halafu futa.

Hatua ya 5: Kagua vifaa vilivyounganishwa

Kwenye Android ni nukta tatu za juu kulia, kisha vifaa vilivyounganishwa. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio. Utaona orodha. Kila kifaa usichokitambua kiguse, kiondoe. Hata unachokitambua, kama hukitumii wiki hii, kiondoe; kukirudisha ni dakika moja.

WhatsApp inaruhusu vifaa vinne pembeni ya simu kuu, na vinaendelea kupokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Vitatoka vyenyewe ukiwa hujaitumia simu kuu kwa zaidi ya siku kumi na nne. Ndiyo maana ile kompyuta ya stesheneri haikutoka: mama aliitumia simu yake kila siku, na kila siku kompyuta nayo ikapata zake.

Unapokwenda kuprinti, tuma faili kwa barua pepe ya duka, au beba kwenye flashi. Ukilazimika kuskani, baki umesimama hapo hapo, faili likishatoka fungua simu yako na uitoe ile kompyuta kabla ya kutoa hela. Usimwachie kijana wa duka kazi ya kukutoa. Anaweza kusahau kwa nia njema kabisa.

Telegram, Messenger na Signal zina orodha kama hii. Zipitie zote ukiwa umekaa.

Hatua ya 6: Linda namba yako, maana namba ndiyo akaunti

WhatsApp inakutambua kwa namba ya simu. Anayeweza kupokea meseji ya namba sita za uthibitisho anaweza kuwa wewe. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Hawahangaiki na hesabu za kufuli. Wanakupigia kwa sauti ya upole: "Dada, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, naomba unisomee." Au wanakuja wakiwa na picha na jina la mwalimu wako wa kwaya, ambaye tayari wameshamnyang'anya akaunti. Ukizisoma, umekwisha. Dakika tano baadaye ndugu zako wote Iringa na Songea wanaombwa hela kwa jina lako.

Fanya mambo mawili.

La kwanza, washa uthibitishaji wa hatua mbili: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita na barua pepe unayoifungua kweli. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya siri ya pesa za simu. Ukishaweka, tapeli aliyepata zile sita za SMS anakutana na mlango wa pili.

La pili, jua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole, laini inafungamana na namba yako ya NIDA. Piga *106# uone namba zilizoandikishwa kwa jina lako. Usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ukaifute. Laini yako ikikata mawasiliano ghafla wakati wenzako wa mtandao huo huo hapo Mwanjelwa wanapiga simu vizuri, usisubiri kesho. Inawezekana mtu amekwenda kuirudisha kwa jina lako. Na namba ya tapeli iripoti 15040.

Ukiwa umeshaibiwa akaunti, usikate tamaa. Isajili namba yako upya kwenye simu yako, ingiza zile namba sita mpya, na mwizi atatolewa papo hapo. Kama aliwahi kuweka namba yake ya siri ya hatua mbili, utasubiri siku saba kuingia, lakini naye atakuwa nje. Wakati huo wapigie watu wako kwa sauti, mmoja mmoja, uanze na wale wenye huruma nyepesi ya kutuma hela.

Hatua ya 7: Funga bakapu

Hapa ndipo hata watu makini wanapopitwa. Kila usiku, simu nyingi zinanakili chati zote na kuzipeleka Google Drive au iCloud. Hiyo nakala, usipogusa mipangilio, haijafungwa kwa ufunguo wako. Meseji iliyosafiri ndani ya gunia lililoshonwa inakwenda kumwagwa kwenye ghala la mtu mwingine. Anayeingia kwenye akaunti yako ya Google, au anayeiomba Google kwa njia ya sheria, ana mahali pa kuanzia.

Mwalimu mmoja kutoka Tukuyu aliniletea simu mpya tuhamishe chati. Barua pepe yake ya Google ilikuwa imefunguliwa na kijana aliyemuuzia simu ya kwanza, nywila aliitunga kijana, na mwalimu hakuwahi kuijua. Miaka yote nakala za chati zake, pamoja na picha za vyeti vya wanafunzi, zilikuwa kwenye akaunti ambayo mtu mwingine ana ufunguo wake. Kisa hiki nakiona mara kwa mara. Ukinunua simu, tengeneza akaunti ya Google mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama unaandika polepole na foleni inasubiri. Fundi mwema atasubiri.

WhatsApp ilileta nakala iliyofumbwa mwisho hadi mwisho Oktoba 2021. Ingia mipangilio, chati, hifadhi nakala, utaona sehemu ya nakala iliyofumbwa. Iwashe. Utachagua nywila yako au ufunguo wa tarakimu 64. Kwa wengi nywila inatosha, iwe ndefu: maneno manne au matano yasiyohusiana, labda ukichanganya Kiswahili na Kinyakyusa, Kihehe au Kibena. Iandike kwenye daftari, daftari likae nyumbani mahali penye kufuli. Ukiisahau na simu ikapotea, hakuna wa kukusaidia. WhatsApp hawana nakala ya ufunguo huo, na ndiyo maana ni salama. Kama unaona huwezi kuitunza nywila, ni heri uzime nakala ya mtandaoni kabisa kuliko kuiacha wazi.

Kumbuka pia mwenzako. Wewe umefunga yako, yeye hajafunga, maneno yenu bado yako wazi upande wake. Mwonyeshe hatua hii.

Hatua ya 8: Funga simu yenyewe

Weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Ule mchoro wa kuburuta kidole unaacha alama ya mafuta kwenye kioo. Mimi nikiigeuza simu kwenye mwanga naiona, na mwingine ataiona. Zima maneno ya meseji yanayotokea kwenye kioo kilichofungwa. Wacha lionekane jina la programu tu. Chati moja nyeti unaweza kuifungia ndani ya WhatsApp kwa kidole, huduma iliyoletwa 2023, ikatoweka kwenye orodha ya kawaida. Sasisha programu na mfumo wa simu kila toleo jipya likija, tumia bando la usiku kama la mchana ni ghali.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo wengi wetu haitatufikia, lakini mwandishi wa habari, wakili au kiongozi aijue. Mwaka 2019 WhatsApp iliishtaki kampuni ya NSO Group ya Israel kwa kupenyeza programu ya ujasusi, Pegasus, kwenye simu za watu wapatao 1,400 kupitia simu za WhatsApp. Ufumbaji haukuvunjwa, simu ndiyo ilivamiwa, ikawa inasoma kila kitu pamoja na mwenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo, simu isiyosasishwa ni hatari kuliko programu yoyote mbaya.

Neno la dhati kuhusu sisi mafundi. Unapoacha simu kwa ajili ya kioo au betri, hatuhitaji namba yako ya siri. Kioo kinapimwa kwenye kioo chenyewe, chaji inaonekana simu ikiwa imefungwa. Fundi akiihitaji kwa kazi ya programu, kaa pale mpaka amalize, au nakili vitu vyako uifute simu kwanza. Toa laini na memori kadi uondoke nazo. Anayekasirika ukimwambia hivyo, mpelekee mwingine. Na simu ya kuuza usifute chati tu. Toa kwanza akaunti zako, kisha irudishe ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 9: Makundi na skrinishoti

Kundi la kijiji lenye watu mia mbili lina simu mia mbili, bakapu mia mbili, na watoto wasiohesabika wanaochezea simu za wazazi. Kufuli lipo, lakini funguo ni nyingi mno. Nimeona orodha nzima ya kikundi cha kukopeshana, majina, namba za NIDA, kiasi anachodaiwa kila mmoja, ikirushwa kwenye kundi kama picha. Usifanye hivyo. Mweka hazina amtumie kila mwanachama taarifa yake peke yake. Picha ya kitambulisho itumwe kwa mtu mmoja anayeihitaji, kwa mfumo wa kuonwa mara moja, na kabla ya kutuma andika juu yake kwa mkono imetolewa kwa kazi gani na tarehe.

Meseji za kutoweka, za saa 24, siku 7 au siku 90, ni nzuri kwa kupunguza mrundikano. Ziwashe kwenye chati za biashara zilizokwisha. Hazimzuii mtu kupiga picha kioo kwa simu nyingine. Na namba yako ya siri ya pesa za simu haina jukwaa linaloistahili, hata Signal.

Hatua ya 10: Hakiki namba sitini

Imebaki hatua ambayo karibu hakuna anayeifanya, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inakupa uhakika kwa macho yako. Fungua chati ya mtu, gusa jina lake, shuka mpaka kwenye ufumbaji. Utaona mchoro wa kuskani na chini yake tarakimu 60 zilizopangwa tano tano. Mwenzako naye akifungua chati yako anapaswa kuona tarakimu zile zile. Zikilingana, hakuna aliyejipenyeza katikati yenu. Mkiwa pamoja, skanini. Mkiwa mbali, pigianeni kwa laini ya kawaida, sauti unayoijua, msomeane.

Kisha washa arifa za usalama kwenye mipangilio ya akaunti. Kuanzia hapo, mtu akibadilisha simu au akisajili upya namba, utaletewa taarifa kwamba msimbo wake wa usalama umebadilika. Mara nyingi ni simu mpya tu. Ila kabla ya hela au mzigo, uliza.

Yule mama wa mchele aliipata arifa hiyo wiki chache baada ya kuondoka kwangu. Mteja wake wa Tunduma alimwandikia kwamba mzigo ushushwe kwenye ghala jingine, na juu ya ujumbe ule palikuwa na maandishi kwamba msimbo umebadilika. Alikuja na simu mkononi, magunia yako tayari kwenye kirikuu nje. Nikamwambia, "Mama, usimjibu hapa. Mpigie."

Akapiga. Mteja akapokea, akacheka kwamba simu ya zamani ilidumbukia kwenye ndoo ya maji. Mama hakucheka. Akamwambia afungue jina lake, ashuke chini, asome. Akakaa kwenye stuli yangu, miwani puani, kidole kwenye kioo cha simu yangu, ambayo nilikuwa nimeitumia kupiga picha tarakimu sitini zilizo kwenye simu yake, akifuata kila kundi analosomewa: tano, tena tano, tena tano. Katikati network ikakata, akapiga tena, wakaanza mwanzo. Zilipofika sitini bila kosa, alimuuliza jina la mlinzi wa ghala jipya, akaliandika kwenye daftari.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akatoka kumwambia dereva aondoke.